Kuchora bitkoini kwa brashi: kwa wachoraji wa Bagamoyo wenye ugonjwa wa kripto

Wadau wa rangi habari zenu. Hapa Bagamoyo kuna vijana kibao, waliopita TaSUBa (chuo cha sanaa cha hapa) na ambao hawajapita, mchana wanachora tembo na mashua, usiku wako kwenye simu wanaangalia bei ya bitkoini, ile pesa ya mtandaoni, imepanda au imeshuka, halafu hivi vitu viwili wanavitenga kama wake wenza. Mi naona vinaweza kukaa nyumba moja kabisa, ila ziko namna zake, maana nyingi ninazoziona ni mtu kachukua ile herufi B ya vistari viwili, kaipaka chungwa, kaiweka katikati ya kanvasi, kamaliza. Hilo ni bango. Mteja akiliangalia mara moja hana cha kurudia.

Kipimo changu ni hiki: huo mchoro ukitundikwa sebuleni kwa bibi ambaye hajawahi kusikia neno bitkoini, je atauacha ukutani? Kama hapana, rudi ukachore upya, hata uweke maana gani ndani yake.

Wazo la kuchora

Sasa kwa sisi wa hapa wazo wala halitafutwi mbali, maana mji huu umeshaona pesa ikibadilika sura mara nyingi kuliko sehemu nyingi nchini. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka hapa kwenda Tabora na Ujiji haikubeba noti, ilibeba merikani, kaniki, shanga na waya wa shaba, na ndiyo iliyokuwa pesa yao njiani. Na shanga nazo zilikuwa na fasheni zake bana, ukifika sehemu na rangi isiyopendwa pale basi gunia zima halikusaidii. Halafu ikaja rupia, kampuni ya Wajerumani iliyoshika huku Afrika Mashariki ikaanza kutoa za kwake 1890, kipindi hicho makao makuu yao yako hapahapa, rupia moja ni pesa 64, mpaka 1904 wakaibadili ikawa heller 100. (Kete za bao nazo ni 64, hilo nawaachia mtu achore.) 1916 vita imewabana wakapiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15 kule Tabora, na kwenye hiyo sarafu kuna tembo kasimama mbele ya mlima. Tembo! Yaani sisi tunachora tembo miaka yote tunawauzia watalii, kumbe tembo alishakaa kwenye dhahabu. Na ukitaka kwenda nyuma zaidi, masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba karne nyingi kabla, chache zikaja kuokotwa kisiwani Australia 1944.

Kwa hiyo chukua hivyo vya kwetu, halafu chukua jinsi bitkoini inavyofanya kazi kweli, uvikutanishe. Hapa ndo lazima uielewe hiyo kitu, sio bei yake. Mfano blokcheni, yaani daftari la wazi la miamala yote, kurasa zake zinaitwa bloku: kila bloku inabeba alama ya bloku iliyotangulia, ukichezea moja zote zilizokuja baada yake zinakataa. Chora msafara wa wapagazi, kila mzigo una nakshi yake, lakini kona moja ya mzigo ina kipande cha nakshi ya mzigo wa mtu aliyemtangulia, hivyohivyo mpaka wa mwisho. Asiyejua ataona msafara mzuri wa rangi rangi, anayejua atakaa hapo nusu saa anafuatilia nakshi. Au ile kupungua nusu, zawadi ya wachimbaji (wenye kompyuta zinazoongeza bloku mpya) ilianza na bitkoini 50 kwa bloku mwaka 2009, ikaja 25, ikaja 12.5, ikaja 6.25, na tangu Aprili 2024 ni 3.125, yaani kila bloku 210,000 inakatwa katikati, kama miaka minne hivi. Hiyo ni shanga tupu, mtungo unaopungua nusu kwa nusu shingoni kwa mwanamke mmoja mmoja kwenye foleni, na mwisho wake unaujua, bitkoini milioni 21 basi haziongezeki.

Na ukitaka kuchekesha, tarehe 22 Mei 2010 jamaa wa Florida alinunuliwa pizza mbili kwa bitkoini 10,000. Wewe chora mama lishe na chapati mbili kwenye sahani, pembeni andika 10,000. Walio ndani ya hayo mambo watakufa kwa kicheko, bibi naye ataona chapati.

Vifaa

Hapa sitakaa sana mnavijua. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar 1968 alitumia hadibodi na rangi za mafuta za dukani, kilichopatikana ndicho alichotumia, na alifariki 1972 tu lakini mtindo unaishi mpaka leo. Mi kwa mada hii napendelea kitambaa cha merikani kwenye fremu, sababu mnaijua sasa, unachora pesa juu ya kitambaa ambacho chenyewe kilikuwa pesa. Mwambie mteja hivyo uone macho yake. Paka gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji, ikikauka rangi nyeupe ya maji mikono miwili, piga msasa laini katikati. Bakgraundi ipake yote kwanza, iache ikauke sawasawa ndo uingie kwenye maumbo, na kwa unyevu wa huku pwani usiamini mkono, iache siku zaidi ya unavyodhani. Na usianike ufukweni, mchanga na chumvi vitakaa kwenye rangi milele.

QR ya kuchora kwa mkono

Hapa ndo penyewe. Kila duka sasa hivi lina QR ya Lipa Namba imebandikwa ukutani kwa hiyo hakuna asiyejua kuskani. Na Mfaransa mmoja, Pascal Boyart, tangu 2017 amekuwa akiweka QR ya bitkoini pembeni ya michoro yake ya ukutani kule Paris, watu wanapita wanamtumia, Januari 2019 akaficha hadi fumbo ndani ya mchoro lenye bitkoini ya dola 1,000. Sisi hatubandiki, tunaichora iwe sehemu ya picha. Ni vimraba tu, na huku vimraba tunavyo: mkeka. Chora baraza, wazee wanacheza bao, chini mkeka wao ndio QR.

Ila inabidi uskaniwe kweli, na hapo wengi wanashindwa, kwa hiyo tulia.

Anwani ya bitkoini, yaani ile namba ya kupokelea kama namba ya akaunti, chukua inayoanza na bc1q, ina herufi 42. Ile ya bc1p ni ndefu itakuongezea vimraba bure. Kabla hujatengeneza QR igeuze herufi zote ziwe kubwa, anwani za bc1 zinaruhusu hivyo mradi usichanganye kubwa na ndogo, faida yake ni kwamba QR inakuwa ndogo. Angalizo: anwani za zamani zinazoanza na 1 au 3 usizigeuze kabisa, hizo ukibadili herufi umeiharibu. Kisha kwenye programu ya kutengeneza QR chagua kiwango cha kusahihisha makosa Q, kinavumilia kuharibika hadi kama robo. Utapata vimraba 29 kwa 29, jumla 841. Ukifanya kila kimraba sentimita 2 inakuwa sentimita 58 kila upande, na lazima uache ukingo mtupu wa vimraba vinne kuzunguka pande zote, kwa hiyo mkeka wako wote ni sentimita 74. Ukiona kubwa fanya sentimita 1.5, pamoja na ukingo utapata 55 na nusu.

Piga gridi kwa penseli na rula, chapa QR kwenye karatasi, namba safu na mistari, kisha fuata safu moja moja ukitia tiki. Usifanye kwa kuangalia tu eti una jicho.

Rangi sasa. Simu haijali rangi, inajali giza na mwanga, kwa hiyo bluu ya kaniki juu ya rangi ya krimu sawa, kahawia iliyoiva juu ya njano ya ukili sawa, ila chungwa juu ya nyekundu utalia. Piga picha ukaigeuze nyeusi na nyeupe kwenye simu, kama vimraba vinachanganyikana hapo basi na kamera nyingine zitachanganya. Giza liwe juu ya mwanga, usigeuze kinyume, baadhi ya simu zinakataa. Na hii sehemu usitumie ile rangi ya mafuta inayong'aa, taa ya ukumbini ikiipiga inarudisha mwanga na kamera haioni kitu. Tumia rangi ya maji isiyong'aa kwa mkeka, ya mafuta baki nayo kwa wazee na kanzu zao. Unaweza kupitisha mguu wa mzee au kikombe cha kahawa juu ya mkeka, hiyo robo ndo inakusaidia, lakini usiimalize yote, na ile miraba mitatu mikubwa ya kwenye kona usiiguse hata kwa brashi ya nywele moja. Jaribu kwa simu tofauti na waleti (programu za kutunzia bitkoini) tofauti, kwa mbali na kwa karibu, kabla ya kuweka saini.

Ulinzi na pesa

Anwani uliyochora itaonwa na kila mtu, na mtu yeyote anaweza kuangalia ni kiasi gani kimeingia, majirani mpaka shemeji. Kwa hiyo tengeneza anwani ya huo mchoro peke yake, usiweke ya akiba yako. Yale maneno 12 au 24 ya siri ya waleti, ambayo mwenye nayo anachukua pesa zote, usiyachore, usiyafiche kwenye nakshi, usiyaweke kwa Kiarabu kwenye mlango, hata ukijiona mjanja kiasi gani. Yanatoka kwenye orodha ya maneno 2,048 inayojulikana dunia nzima, na michoro inapigwa picha na kusambaa. QR ya malipo ya Laitning (njia ya haraka ya kutuma bitkoini) pia usiichore, ile ya kawaida ni ya malipo mara moja na inaisha muda, utabaki na mkeka usiofanya kazi. Na vitu vidogo vidogo vya buku mbili kwenye anwani ya kawaida havina maana sana, ada ya muamala haiangalii kiasi unachotuma, na siku ukitaka kuvitoa kila kimoja kinaongeza ada.

Sheria: Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kripto sio fedha halali hapa nchini. Juni 2021 Rais Samia akaiambia ijiandae na hizi teknolojia. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Na 2025 zikaja kanuni za kukataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa hiyo ule mtindo wa kuandika dola pembeni ya mchoro ukome. Ushauri wangu, bei andika shilingi, malipo ya mchoro pokea shilingi, ile QR ichukulie kama sehemu ya kazi, na kabla hujaanza kupokea kitu cha maana pitia TRA uulize.

NFT, yaani hati za kidijitali za kumiliki picha, mi singeanza nazo. Ndiyo msanii Beeple aliuza moja kwenye mnada wa Christie's Machi 2021 kwa dola milioni 69, lakini soko lile limeshashuka sana, na mtalii aliyekuja mpaka Caravan Serai, ile makumbusho ya misafara hapa mjini, anataka kitu cha kukunja akatie kwenye begi. Kukunja penyewe: rangi iwe upande wa nje, karatasi laini juu yake, bomba pana, na isiwe imekauka jana.

Kingine kidogo lakini kinauza, nyuma ya mchoro pamoja na jina lako na mwaka andika namba ya bloku ya bitkoini iliyokuwepo saa unatia saini. Inatoka mpya kila dakika kumi hivi na iko wazi mtandaoni, ile ya kupungua nusu 2024 ilikuwa 840,000 kwa hiyo yako itakuwa juu ya hapo. Andika kwa penseli, wino kwenye merikani unapenya mpaka mbele.