Printa ya bei nafuu hufa kwa kukaa bure

Printa yangu ya kwanza niliiua mwenyewe, na wala sikuiua kwa kazi. Niliiua kwa kuitunza. Niliinunua mwezi wa nane, nikachapa kadi za mwaliko za harusi ya mdogo wangu, kisha nikaifunika leso nikaiweka hivyo mpaka mwezi wa pili. Siku nilipoiwasha ilitoa karatasi nyeupe pe, na mstari mmoja wa manjano kama uzi wa zari. Kaskazi lilikuwa limevuma wiki kadhaa, na wino ulikuwa umeganda kwenye vitundu.

Hii ninayoitumia sasa ina mwaka wa nne. Iko chumbani kwangu Mji wa Kale, Mombasa, ghorofa ya pili, nayo huchapa kazi za shule za watoto wa mtaa, ratiba za maulidi na mitindo ya hina. Ni ya bei ya chini vilevile.

Ukienda kununua, uliza bei ya wino kabla ya bei ya printa. Zile za katriji mbili, yaani vibweta vya wino vya kubadilisha, moja nyeusi na moja ya rangi tatu, huuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini mara nyingi katriji unazozikuta ndani hazijajazwa kama za dukani. Za matangi unayojaza kwa chupa ni ghali siku ya kwanza, ila chupa zake hufika maelfu ya kurasa. Kwangu hesabu ni nyepesi: ukichapa karatasi tano kwa wiki, katriji zakutosha. Ukishaanza kusikia mlangoni "Bi, mama amesema utuprintie", tafuta ya tangi.

Tena usidanganyike na mzigo wa safarini. Binamu yangu aliniletea printa nzuri kutoka Dubai, nami nikashukuru, mpaka wino ulipokwisha. Katriji za hapa zilikuwa na namba ileile na umbo lilelile, lakini ikazikataa. Baadhi ya kampuni hufunga katriji kwa eneo la mauzo, na printa huitambua katriji ya eneo jingine kama mgeni. Sasa printa ile ni mahali pa kuwekea kalamu.

Pa kuiweka ni jambo la kufikiri katika mji huu. Dirisha langu linaangalia Bandari ya Kale, na hewa ile ina chumvi, hivyo printa nimeiweka ukuta wa ndani, mbali na feni. Leso naifunika ikiwa imezimwa tu, na mlango wa karatasi wa nyuma naufunga kila siku. Hilo la mlango nilifundishwa na mjusi. Kioo kilisema karatasi imekwama, nikavuta, nikatoa mkia.

Karatasi nayo hunywa unyevu. Mvua za mwezi wa nne na wa tano zikianza, rimu iliyoachwa wazi hulegea, karatasi mbili tatu zikaingia pamoja au zikajikunja. Mimi hutoa karatasi ishirini tu, zilizobaki nazirudisha kwenye mfuko wa nailoni naufunga. Kabla ya kuzipakia nazipepeta kama karata. Ukurasa ukikatika pembeni, angalia kipimo kwenye kompyuta: fomu nyingi za Marekani huja kwa kipimo cha Letter, ambacho ni kipana kidogo na kifupi kuliko A4 yetu. Badilisha kabla ya kuilaumu printa.

Sasa kuzima, na hapa ndipo watu wengi huharibu. Izime kwa kitufe chake yenyewe, usiizime soketini. Ukibonyeza kitufe, kichwa cha kuchapia hurudi pembeni kikajifunika kwa mpira wake, wino usikauke. Ukikata umeme ghafla kinaweza kubaki katikati, wazi, kama sufuria isiyo kawa. Stima ikipotea ukiwa unachapa, ikirudi iwashe, ingoje itulie, ndipo uizime kwa kitufe. Wala usiiwashe na kuizima mara kumi kwa siku, kwa sababu nyingi zikiwashwa hujisafisha kwanza, na kujisafisha ni kumwaga wino.

Kila Ijumaa, wali ukiwa mekoni, nachapa karatasi moja yenye vipande vinne vidogo: nyeusi, samawati, waridi iliyokoza, manjano. Nusu ya karatasi iliyokwisha kutumika yatosha. Tangu nianze hivyo, kaskazi tatu zimepita bila kuganda. Usichape nyeusi peke yake ukadhani umeitumia, kwani ile ya rangi nayo inakauka.

Kwa kazi za shule chagua ubora wa drafti, ule wa wino kidogo, na maandishi yachape kwa nyeusi tu. Usipochagua hivyo, printa nyingine huchanganya rangi tatu kutengeneza weusi, nawe huna habari. Picha ya jua la manjano ukurasa mzima, ambayo mwalimu ameiomba na itabandikwa kwa gundi kesho yake, mimi huipunguza iwe robo ukurasa. Hakuna mwalimu aliyelalamika bado. Kwa karatasi ya picha, kinyume chake: chagua aina ya karatasi kwenye setingi, weka ubora wa juu, upande unaong'aa ndio wa kuchapwa, kisha ziache picha zikauke bila kuzirundika.

Kujaza matangi, jaza asubuhi na meza utandike magazeti. Mimi nilijaza usiku wa kuamkia Idi, kanzu ya mume wangu ikining'inia karibu. Tone moja tu la waridi, na halikutoka kwa limau wala kwa dawa ya kufulia.

Mistari ikianza kukatika, usikimbilie kusafisha. Chapa kwanza ukurasa wa kukagua nozeli, yaani vile vitundu vya wino, uone ni rangi gani yenye mapengo. Safisha mara moja, kagua. Safisha ya pili, kagua. Ikiwa bado, izime kwa kitufe uiache usiku kucha, wino ulainike wenyewe, asubuhi ujaribu tena. Katriji yenye kichwa chake waweza kuitoa ukaikandamiza polepole juu ya kitambaa laini kilicholowa maji ya uvuguvugu, mpaka rangi zote zijitokeze. Katika zile ambazo kichwa kiko ndani ya mashine, hapo usiguse, mwachie fundi.

Wino wote unaomwagwa kwa kusafisha huenda kwenye sponji iliyo chini ndani, na printa huuhesabu. Hesabu ikifika kikomo, taa huwaka na mashine hugoma hata kama matangi yamejaa. Fundi ataifuta hesabu kwa programu ndani ya dakika chache, lakini sponji ile iliyoloa inabaki palepale. Akisema amemaliza, mwambie akuoneshe sponji kuukuu. Kama hana cha kukuonesha, ukifika nyumbani tandika magazeti chini ya printa kabla hujaiwasha.