Kituo cha misaada kwa wakimbizi wa Ukraine ndani ya jumuiya ya Kiyahudi: namna ya kukiendesha

Vita vilipolipuka Ukraine tarehe 24 Februari 2022, JCC Krakow, nyumba ya jumuiya ya Kiyahudi iliyoko mtaa wa Miodowa, kitongoji cha Kazimierz jijini Kraków, Poland, iligeuka kituo cha kugawa misaada. Milango ilikuwa wazi kwa Waukreni wote, Wayahudi na wasio Wayahudi. Jumuiya inayotaka kuiga kazi hiyo nchini Poland ianzie hapo: fomu ya mapokezi isiwe na swali la dini. Anayehitaji rabi, chakula cha kosha (kinachoruhusiwa na sheria ya dini ya Kiyahudi) au msaada wa kutafuta jamaa atasema mwenyewe. Bandika tangazo dogo kwa Kiukreni na Kirusi kwamba huduma hizo zipo, basi.

Fomu iishie nusu ukurasa: idadi ya watu, umri wa watoto, dawa za kila siku, na kama wana jiko. Hilo la jiko husahaulika mno. Mama aliyewekwa chumba cha hoteli na watoto wawili ana birika la umeme tu. Ukimpa mchele na maharage makavu umemtwisha mzigo wa bure. Mfungashie uji wa oti, tambi za kumwagia maji moto, na samaki wa kopo lenye pete ya kufungulia.

Mwenye jiko apewe chakula alichokizoea. Hrechka, ile nafaka ya kahawia ya Waukreni, huisha kwenye rafu kabla ya vyote. Kifurushi cha mtu mmoja kwa wiki: hrechka kilo 1, tambi gramu 500, mafuta ya alizeti nusu lita, sukari gramu 500, samaki wa kopo mawili na majani ya chai. Jumla inakaribia kalori 11,500, ilhali kipimo cha misaada ya dharura ni 2,100 kwa siku, yaani 14,700 kwa wiki. Pengo hilo lizibwe kwa mkate, mayai na mboga. Msidanganyane kwamba kifurushi kinatosha.

Nepi ziagizwe kwa uzito wa mtoto, si kwa umri. Namba 4 ni ya kilo 9 hadi 14 hivi. Mtoto wa uzito huo hutumia tano au sita kwa siku, kwa hiyo fungueni pakiti kubwa na kufunga upya arobaini arobaini kwa wiki.

Nguo ndizo zinazoua vituo. Tangazo moja likisema "leteni nguo", stoo imejaa viatu visivyo na jozi na magauni ya kiangazi wakati nje kuna theluji, na watu wenu wote wanageuka wachambuaji wa mitumba. Pokeeni chupi na soksi mpya, makoti ya watoto yenye saizi iliyoandikwa, na hapo mkomee. Vingine ombeni pesa, mnunue kwa jumla.

Rafu zipangwe kama duka, familia ijichagulie kwa kikomo kilichobandikwa ukutani. Namba za foleni zisigawiwe asubuhi mlangoni, maana watu wenye vichanga watasimama kwenye baridi tangu alfajiri. Tumeni saa ya kila familia kwa simu siku iliyotangulia.

Mlango wenyewe unahitaji uangalifu. Nyumba za Kiyahudi zina walinzi, na mtu aliyetoka kwenye mabomu akipekuliwa begi na mwanamume mwenye sare anaweza kugeuza na asirudi tena. Muweke mzungumzaji wa Kiukreni kando ya mlinzi, aeleze kwanza, begi lifunguliwe baadaye. Kupiga picha foleni kukatazwe kabisa, hata kwa wafadhili.

Kisha kuna sheria ya dini, ambayo wasaidizi kutoka nje huikanyaga bila kujua. Nyama ya kopo ya msaada mara nyingi ni ya nguruwe. Isiingie jikoni kwa jumuiya hata kwa dakika moja. Sufuria na meza vikiguswa, jiko litafungwa hadi vitakaswe. Chakula cha kugawa kikae chumba kingine, kikiwa kimefungwa, chenye mlango wake.

Sabato huanza Ijumaa jua linapotua, na Kraków mwezi Desemba jua hutua kabla ya saa kumi jioni. Fungeni saa saba mchana. Kuokoa uhai kunatangulia Sabato, hivyo mgonjwa au familia iliyokwama stesheni usiku hushughulikiwa papo hapo. Kupanga nepi kunasubiri. Zamu za Jumamosi wapewe wasio Wayahudi, wakiwemo wakimbizi wenyewe, kwa ujira.

Kazi kubwa zaidi ni Pasaka ya Kiyahudi. Mwaka 2022 iliingia jioni ya tarehe 15 Aprili, hata miezi miwili ya vita haijatimia. Katika siku hizo Myahudi haruhusiwi kumiliki hametz, yaani vilivyotengenezwa kwa ngano, shayiri na nafaka za jamii hiyo. Tambi, mkate na oti vyote vimo. Rabi anaweza kuvisimamia viuzwe kwa asiye Myahudi, lakini vikishauzwa si vyenu tena kugawa. Njia nyepesi ni kumaliza stoo mapema, na mshirika asiye wa Kiyahudi anunue na kugawa tambi na mkate kwenye jengo lake. Kwenu endeleeni na viazi, mayai, samaki na sabuni. Hrechka si hametz. Wayahudi wa Ashkenazi, wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, huacha kuila Pasaka, ila kuwa nayo stoo hakukatazwi.

Friji ya insulini iwe na kipimajoto, nyuzi 2 hadi 8, na insulini isigusane na ukuta wenye barafu: iliyoganda hutupwa.

Mwishowe, meza ya kushughulikia hati. Sheria ya Poland ya tarehe 12 Machi 2022 iliwapa wakimbizi namba ya PESEL, ile ya utambulisho wa wakazi wa Poland, yenye alama ya UKR, ufunguo wa matibabu na posho ya watoto. Aliyetoka Poland zaidi ya siku 30 alipoteza alama hiyo. Wanaume wengi wa miaka 18 hadi 60 walizuiwa kutoka Ukraine, kwa hiyo wake ndio waliorudi kuwaona, na wengine walikuta posho imekatwa. Kanuni zimebadilishwa mara kadhaa tangu hapo, hivyo ulizeni ofisi ya manispaa kabla ya kumshauri mtu. Anayesafiri mwambieni ahesabu siku na atunze tiketi zake za kwenda na kurudi.