Kabla hujatuma tangazo kwa namba zote ulizonazo

Ukiwa ughaibuni na una biashara yako ndogo, orodha ya namba na barua pepe za wanajumuiya wenzako huonekana kama soko lililo tayari. Nakusihi usiiguse. Aliyekupa namba yake ili apate taarifa za mikutano hakukuruhusu umtangazie bidhaa.

Kinachowaponza wengi ni kudhani sheria ni moja kila mahali. Marekani, chini ya sheria ya CAN-SPAM ya mwaka 2003, unaweza kumwandikia mtu barua pepe ya biashara bila kumwomba ruhusa, mradi kichwa cha barua kisidanganye, uweke anwani yako ya posta, na akikataa uache ndani ya siku 10 za kazi. (Matangazo ya SMS yana sheria yake, kali zaidi.) Canada ni kinyume: tangu Julai 1, 2014, ridhaa hutangulia, iwe barua pepe au SMS. Aliyenunua kwako unaweza kumwandikia kwa miaka 2 bila kumwomba upya; aliyeulizia tu, miezi 6. Faini inaweza kufika dola milioni 1 za Canada kwa mtu binafsi, milioni 10 kwa kampuni. Na sheria hiyo huufuata ujumbe hadi unakofunguliwa: ukiwa Minneapolis ukamwandikia mteja aliyeko Toronto, inakuhusu.

Kwa hiyo jua kwanza mpokeaji yuko wapi, kisha omba ridhaa kwa maneno ya wazi. Kisanduku cha kukubali kwenye fomu, ulichokwisha kumwekea tiki, hakihesabiki. Andika tarehe aliyokubali na alichokubali, kwa sababu Canada na Ulaya mwenye kuthibitisha ni wewe, si yeye.

Wewe nawe una haki zako. Ukiishi Umoja wa Ulaya au Uingereza, ukiiambia kampuni iache kukutangazia, lazima iache, na huna haja ya kueleza sababu. Unaweza pia kuitaka ikuonyeshe taarifa zako inazotunza. Kwa kawaida ina mwezi 1 wa kujibu, bila malipo.

Ila SMS ya mtumaji usiyemfahamu usiijibu wala usibonyeze kiungo cha kujiondoa, maana tapeli atajua namba inatumika. Uingereza, Marekani na Canada, ipeleke kwa 7726, namba ya kampuni za simu ya kuripoti SMS taka, kisha uifute.