Namna ya Kupima Haki katika Masharti ya Kuchangia Damu

Anayetaka kujua kama masharti ya kuchangia damu yanawatendea haki wanaume wapenzi wa jinsia moja, pamoja na wale wanaovutiwa na jinsia zote mbili, aanze na fomu ya maswali yenyewe. Kila swali alipime hivi: linauliza mtu amefanya nini, au linamhukumu kwa kundi lake? Nchini Marekani, kuanzia 1985, mwanaume aliyefanya ngono na mwanaume mwenzake hata mara moja tangu 1977 alizuiwa kuchangia maisha yake yote, hata kama vipimo vilionyesha kuwa hana VVU.

Kisha atazame muda wa kusubiri. Kipimo kinachosaka chembe za urithi za virusi hugundua VVU wiki chache tu baada ya maambukizi, kwa hiyo zuio la maisha halina msingi wa kitabibu, ilhali miezi 3 ni tahadhari inayoeleweka, kwa kuwa mgonjwa anayeongezewa damu naye ana haki ya kulindwa. Marekani ilishuka hadi miezi 12 mwaka 2015, kisha miezi 3 mwaka 2020.

Jambo lenye uzito zaidi ni kama swali huulizwa kila mtu. Mwongozo wa Marekani wa Mei 2023 unataka wachangiaji wote, wake kwa waume, waulizwe kama katika miezi 3 iliyopita wamekuwa na mpenzi mpya au zaidi ya mmoja; anayekubali huulizwa kama alifanya ngono ya njia ya haja kubwa katika muda huo, na akikubali tena husubiri. Hivyo wanaume wawili walioishi pamoja kwa uaminifu hawazuiwi tena kwa sababu ya uhusiano wao. Uingereza ilitangulia mwaka 2021, na Kanada ikafuata mwaka 2022.

Hata hivyo, anayemeza dawa za kujikinga na VVU bado husubiri miezi 3 tangu dozi ya mwisho, kwa kuwa dawa hizo zaweza kuchelewesha vipimo kugundua maambukizi. Inauma kuona mtu mwangalifu akirudishwa, lakini asiache dawa ili achangie, wala asifiche ukweli. Akirudishwa, aulize ni jibu lipi lililomzuia na tarehe gani anaweza kurudi; akiona sharti halina sababu ya kitabibu, aiandikie mamlaka inayosimamia damu, akilitaja swali lenyewe kama lilivyo kwenye fomu.