Kabla ya Upasuaji wa Kupunguza Tumbo: Jitayarishie Miezi Inayofuata

Anayekwenda kupunguzwa tumbo, awe anavukia Dar es Salaam au anapanda ndege kwenda India, aghlabu huwa ameshapanga mambo mawili: pesa na siku yenyewe. Miezi inayofuata huiachia mizani. Nayo mizani haishuki moja kwa moja. Kila inaposimama, asiyejitayarisha hudhani upasuaji umemshinda.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayovunja watu moyo. Katika upasuaji wa kukata tumbo, madaktari huondoa robo tatu au zaidi ya tumbo na kuacha mrija mwembamba. Mtu hupungua, kwa wastani, karibu robo ya uzito wake wote ndani ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Ule wa kutenga kijifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunga na utumbo hupunguza zaidi kidogo, karibu asilimia 30. Chukua mwanamke wa kilo 120. Robo yake ni kilo 30, atabaki na 90. Kwa asilimia 30 atabaki na 84. Kilo 60 alizokuwa nazo siku ya harusi yake hazimo humo, na ni bora amuulize daktari mapema: mtu kama mimi kwa kawaida huishia wapi? Kwa maoni yangu, kilo 90 pamoja na sukari iliyotulia, presha iliyoshuka na magoti yanayokubali kupanda ngazi za nyumba za Mji Mkongwe ni jambo kubwa. Lakini litaonekana kubwa kwa yule tu aliyelitarajia.

Mbio ziko katika miezi sita ya mwanzo. Huyo wa kilo 120 anaweza kupungua kilo 8 mpaka 12 mwezi wa kwanza, na sehemu yake ni maji. Kisha, mara nyingi wiki ya tatu hivi, mizani hukwama. Sababu inaeleweka: mwili huanza kwa kutumia akiba ya sukari iliyoko kwenye ini na misuli, na akiba hiyo hushika maji mengi, ikiisha, maji hutoka. Mwili ukijirekebisha, maji hurudi kidogo, na mizani haisogei ingawa mafuta yanaendelea kupungua. Vituo kama hivyo vitarudi tena. Kwa hiyo nunua futi ya fundi cherehani, jipime kiuno na nyonga kabla ya upasuaji, uandike. Mizani panda mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya chai. Anayejipima kila siku anajitafutia huzuni.

Jikoni ndiko kwenye kazi zaidi. Kila hospitali ina ratiba yake, ila mpangilio unafanana: wiki mbili hivi za vitu vya majimaji, yaani supu iliyochujwa, maziwa na uji mwepesi usio na sukari, kisha vilivyosagwa, kisha vilaini, chakula cha kawaida hufika karibu na mwezi wa pili. Boko boko utadhani limepikwa kwa ajili ya wiki za vyakula vilaini, mpaka ukumbuke samli na sukari inayomiminwa juu yake. Lengo la kila siku ni gramu 60 hadi 80 za protini, na yai moja lina kama gramu 6 tu. Samaki asiye na mafuta, gramu mia moja, ana kama 20. Ndiyo maana kitoweo huliwa kwanza na wali mwisho, ukibaki na nafasi. Kwetu mambo ni kinyume: wali mlima, kitoweo kipande. Changu aliyechemshwa atakufaa mapema. Pweza msubirishe miezi. Chapati na mkate laini huwakaa wengi kooni.

Halafu kuna sinia. Kula pamoja ni jambo jema, lakini kwenye sinia hujui umekula kiasi gani, na mwendo wako ni mwendo wa wenzako. Wewe utahitaji kisahani cha chai, matonge madogo yaliyotafunwa mpaka yakalainika, na nusu saa nzima. Waambie wa nyumbani kabla, usingojee siku mama mkwe atakapokusogezea minofu akaona umeisusa. Maji pia yana utaratibu wake: lita moja na nusu kwa siku, kwa mafunda madogo madogo, na si pamoja na chakula, acha dakika 30.

Halua, kaimati na juisi ya miwa zinataka onyo lake. Sukari ikishuka haraka kwenye utumbo, khasa kwa aliyeungwa utumbo, moyo hwenda mbio, jasho hutoka, tumbo husokota na kuharisha hufuata. Asiyepatwa na hayo ana hatari nyingine: vitu vitamu vya kunywa havimshibishi, vinapita tu, na kilo zinarudi.

Tazama kalenda ya Ramadhani kabla ya kupanga tarehe. Anayekunywa kidogo kidogo hawezi kumaliza maji yake baina ya Magharibi na Alfajiri, na miezi ya mwanzo madaktari huwataka watu wasifunge. Muulize daktari wako, kisha mpelekee sheikh wako jibu hilo.

Dawa nazo zipangwe upya. Mwenye kutumia insulini au vidonge vya sukari anaweza kushukwa na sukari siku za mwanzo tu, kabla hata hajapungua sana. Dozi ipunguzwe na daktari, naye awe na kipimo nyumbani. Dawa za presha hali kadhalika. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo sisi hununua kama pipi, huleta vidonda, khasa kwa aliyeungwa utumbo. Kwa maumivu tumia parasetamoli. Vitamini B12, chuma, kalsiamu na vitamini D ni za maisha, basi pita dukani uulize bei zake kabla, uziingize kwenye matumizi ya mwezi. Nywele huanza kukatika karibu mwezi wa tatu au wa nne, kisha huota tena. Protini na chuma vikipungua, hukawia. Kupungua kwa kasi kunaweza pia kuleta mawe kwenye nyongo: maumivu makali chini ya mbavu za kulia usiyaite gesi.

Wanawake wajue kwamba uzito ukishuka mimba hushika kwa wepesi, hata kwa aliyehangaika miaka. Inashauriwa kungoja miezi 12 hadi 18. Vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki sana baada ya kuungwa utumbo, hivyo zungumza mapema habari ya kitanzi au kijiti.

Mtu wa Pemba asiwe na haraka ya kurudi. Kutapika kwenye meli inayoyumba, na jeraha la ndani bado bichi, si jambo la kujaribia, na usiku wa dharura huenda usipate chombo cha kukuvusha. Kaa karibu na hospitali iliyokupasua wiki mbili hivi, au kadiri daktari atakavyosema. Homa, moyo kwenda mbio ukiwa umelala, tumbo linalozidi kuuma, mguu mmoja kuvimba, kukosa pumzi, au kutapika hata maji: hayo hayangoji asubuhi.

Kisha watu. Kwetu mwili mnene ni alama ya raha, na anayepungua lazima awe na jambo. Mwezi wa nne uso hulegea, mashavu huingia, na kwenye shughuli utasikia: una nini, mwenzetu? Wapo watakaotaja sukari, watakaotaja maradhi yasiyosemwa kwa sauti, na watakaomhukumu mume kwamba anakutesa. Mwengine atasema ni kijicho. Amua mapema nani ataambiwa na nani hataambiwa, na mume au mke wako asimame kwenye jibu lilelile. "Niko chini ya daktari, alhamdulillahi naendelea vizuri" linatosha, wala si uongo. Siri ya moja kwa moja siipendekezi: angalau mtu mmoja nyumbani ajue dalili za hatari.

Ngozi ya tumbo na mikono italegea. Mazoezi yatakusaidia misuli, ngozi haitarudi yote. Nguo mpya zisubiri baada ya mwaka.

Mwaka wa pili kilo chache hurudi kwa wengi, na hamu ya kula inarejea. Huo ndio wakati watu hukoma kwenda kliniki, na ndio wakati damu inahitaji kupimwa chuma na B12. Chukua tarehe za mwaka wa pili kabla hujatoka hospitali, na nauli ya safari hizo uiweke kando tangu sasa.