Ripoti imeandikwa "lumba"? Isome hivi

Nafanya fiziotherapia, na wagonjwa wengi wa mgongo wakija na bahasha ya eksirei wananiambia "nimekutwa na lumba". Jamani lumba sio ugonjwa. Ni sehemu, mgongo wa chini kati ya mbavu za mwisho na nyonga, yaani kiuno chako hicho hicho.

Hatua ya 1: pashike kwanza. Simama, weka mikono kiunoni mpaka usikie ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, halafu peleka dole gumba nyuma usawa huohuo mpaka katikati ya mgongo. Hapo uko karibu na pingili ya 4 ya lumba. Ziko 5, zinaandikwa L1 mpaka L5 kuanzia juu, na ukiona S1 ujue umeshashuka kwenye mfupa unaoshikana na nyonga.

Hatua ya 2: soma neno lililoandikwa pamoja na lumba, maana hiyo lumba inakwambia wapi tu, haijasema kuna nini. Lumba spondilosisi ni kuchakaa kwa pingili na diski (vile vimito laini vilivyo kati ya pingili), kunakuja na umri na wengi wanako bila maumivu yoyote, kwaiyo usilie. Diski ya L4/L5 ni ile iliyo kati ya pingili ya 4 na ya 5, hiyo na ya L5/S1 ndo zinazochomoza zaidi kuliko nyingine, na ikibana neva maumivu yanashuka takoni, pajani hadi unyayoni, ndo maana unalalamika mguu wao wanakupiga picha kiuno.

Hatua ya 3: ukisikia lumba panksha usikimbie. Hapa naomba mnisikilize maana kuna ndugu wanakataa kipimo mgonjwa huku anazidiwa, wanasema atapooza. Ni kutoa maji kidogo ya uti wa mgongo, mara nyingi kutafuta homa ya uti wa mgongo. Wanachoma kiunoni kwa sababu uti wenyewe, yaani ile kamba kuu ya neva inayopita ndani ya pingili, kwa mtu mzima unaishia karibu na L1 au L2, sindano inaingia chini yake, L3/L4 au L4/L5, ambako kuna nyuzi za neva tu zinaelea kwenye maji na zinasogea. Kichwa kinaweza kuuma baadae, hilo kweli lipo, ila kupooza ni nadra sana. Hata ganzi ya mgongo kwa mama anaejifungua kwa upasuaji inachomwa maeneo hayohayo.

Hatua ya 4: muulize daktari maswali matatu, ni L ngapi, upande gani, na neva imebanwa au haijabanwa. Ila kama miguu inaisha nguvu, sehemu za siri na makalio yana ganzi, au mkojo umegoma kutoka au unatoka wenyewe, achana na maswali na miadi ya wiki ijayo, nenda emajensi leo hii.