Somo: Kuziba kasha la taa ya kuzamisha ziwani, mwisho mita 15

Kasha letu ni kipande cha bomba la PVC la milimita 110, urefu sentimita 30, upande mmoja umefungwa na upande wa pili una kifuniko cha pleksi (plastiki ngumu inayoangaza kama kioo) cha milimita 10, bolti sita. Kila mita 10 za maji huongeza karibu kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Mdomo wa sentimita 10 kwenye mita 15 unabebeshwa kilo 118 hivi: gunia la mahindi na ndoo ya maji juu yake. Na ile "PN 10" iliyoandikwa kwenye bomba ni shinikizo la kusukuma kutoka ndani (bar 10, sawa na maji ya mita 100), isikudanganye ukashuka mita 100.

1. Chonga mfereji wa oringi (pete ya mpira ya kuzibia). Kwa oringi nene milimita 3, kina milimita 2.3, upana 4. Hapo mpira unabanwa karibu robo ya unene wake na bado una pa kutanukia. Sugua sakafu ya mfereji kwa msasa namba 400, kisha 800, ukifuata mzunguko. Mkwaruzo unaokatiza mfereji ni njia ya maji.

2. Osha kwa maji na sabuni. Petroli na tina huipasua pleksi nyufa ndogo ndogo.

3. Paka grisi ya silikoni mpaka oringi ing'ae tu. Grisi haizibi, inausaidia mpira ukae vizuri. Ikizidi inakamata mchanga. Pitisha tochi kwa ubavu: unywele mmoja au uzi wa kitambaa unatosha kuvujisha.

4. Waya ndiyo inayowashinda wengi. Glandi (kibanio cha kupitishia waya kwenye kasha) inabana ganda la nje, lakini ganda likichubuka maji hutembea katikati ya nyuzi za shaba mpaka kwenye taa. Menya sentimita 2 ndani ya kasha, jaza lehemu kwenye nyuzi, kisha zamisha sehemu hiyo yote kwenye epoksi. Iache saa 24.

5. Funga ndani ya chumba kikavu, si ufukweni Kibirizi, Kigoma, wakati wa masika, na uweke vipakiti viwili vya silika vya kunyonya unyevu. Kaza bolti kwa kukingamisha, kidogo kidogo, pleksi iguse bomba basi. Ukikaza zaidi inapinda, na pengo linafunguka kati ya bolti.

6. Jaribu bila taa. Weka karatasi ya chooni, funga jiwe la kilo 6 (maji yanalisukuma kasha juu kwa karibu kilo 3, na jiwe nalo hupungua uzito majini), shusha mita 15 kwa saa moja.

Maswali

*Mkuu, mafuta ya mgando hayafai?*
Oringi nyeusi zote zinafanana dukani. Ya mpira wa nitraili inayavumilia, ya mpira wa EPDM inavimba. Grisi ya silikoni inafaa zote mbili, ila usiipake kwenye oringi ya silikoni yenyewe.

*Langu linavuja mita 2, nikilishusha mita 10 linaacha. Ni uchawi?*
Shinikizo la huko kina kirefu linasukuma kifuniko na mpira unakaa. Mfereji wako una kina kupita kiasi, au bolti zimelegea.

*Silikoni ya vioo badala ya epoksi?*
Ile yenye harufu ya siki inatoa asidi inapokauka. Shaba inageuka kijani.

*Betri ya pikipiki inaingia humo humo?*
Hapana kabisa, kaka. Inatoa haidrojeni, na kasha halina pa kupumulia. Iache mtumbwini, ushushe waya tu.